DR650 ya zamani: skrubu mbili, vumbi na tapeti

Pikipiki ya Suzuki DR650SE ilitoka mwaka 1996, na tangu hapo kiwanda kimeigusa kwa nadra sana. Silinda moja ya cc 644, kabureta moja, gia tano. Haina rediata wala kompyuta ya kupuliza mafuta; injini inapozwa na upepo pamoja na oili yake yenyewe, inayopita kwenye kipoozi kidogo mbele. Faida ya ukaidi huo unaiona dukani: kipuri kinachoingia kwenye pikipiki ya 1998 mara nyingi kinaingia na kwenye ya 2015, kwa hiyo umri wake haukutishi kama ungekuwa umri wa kitu kingine.

Huku kwetu si pikipiki unayoikuta kila kijiwe. Baadhi huingia na wasafiri wanaopita kati ya Cairo na Cape Town, wakachoka njiani au wakaishiwa hela, wakaamua kuuza. Ukipata ya namna hiyo, uliza karatasi kabla hujauliza injini. Kama iliingia kwa carnet (hati ya kuingiza chombo kwa muda tu), maana yake ushuru haujalipwa. Inatakiwa kutoka nchini au ilipiwe forodha. Bei nzuri ya mzungu mwenye haraka ya ndege inaweza kugeuka kuwa pikipiki isiyosajilika. Malizaneni forodhani kwanza, pesa baadaye.

Karatasi zikiwa safi, usianze na mapambo. Wengi hukimbilia eksozi ya kelele na taa za ziada, wakati pikipiki hii ina udhaifu wa kiwandani unaojulikana, na dawa yake haina gharama kubwa ukilinganisha na injini.

Swichi ya nyutro, kabla ya kitu kingine chochote

Ndani ya injini, upande wa kulia, nyuma ya klachi, kuna swichi ndogo ya plastiki inayowasha taa ya nyutro. Imeshikwa na skrubu mbili ndogo. Mtikisiko wa silinda moja kubwa huzilegeza taratibu, na siku zikidondoka zinaangukia kwenye meno ya gia. Skrubu isiyozidi ukucha inaweza kupasua kasha zima la injini. Taa ya nyutro ikianza kupepesa, au ikikataa kuwaka ilhali gia iko nyutro, usiilaumu balbu.

Kazi yenyewe ni ya nusu siku kwa fundi mtulivu. Mwaga oili, au ilaze pikipiki ubavu wa kushoto juu ya tairi kuukuu ili oili ihamie huko. Ondoa pedali ya breki, kisha kifuniko cha klachi. Legeza springi za klachi kwa zamu, kidogo kidogo, halafu toa sahani zake na uzipange mezani kwa mfuatano uleule zilivyotoka. Nati ya katikati ina washa iliyokunjwa kuifunga; inyooshe kwanza, ndipo uweke spana. Kikapu cha klachi kikishatoka, swichi iko mbele ya macho yako.

Toa skrubu moja moja. Zisafishe kwa petroli, zikauke kabisa, weka tone moja la Loctite ya bluu (gundi ya kuzuia skrubu isilegee) kwenye thredi tu. Isitapakae kwenye plastiki, kwa sababu inaweza kuifanya ipasuke. Ukiitoa swichi yenyewe, angalia: nyuma yake kuna kipini kidogo na kispringi chake, na vyote hupenda kuruka. Wengine hutoboa vichwa vya skrubu na kuzifunga kwa waya mwembamba, kama ifanyikavyo kwenye ndege. Ni njia bora zaidi, ila waya usipokazwa vizuri nao unakuwa kitu kingine cha kudondoka. Gasketi ya kifuniko nunua mpya kabla hujafungua. Kama muuzaji anasema kazi hii ilishafanyika, mwombe picha au risiti. Neno tupu halitoshi kwa kitu kinachoweza kuua injini.

Ukiwa bado na spana mkononi, tazama rola ndogo ya juu ambayo cheni hupita karibu nayo. Imefungwa kwa bolti kwenye fremu. Cheni ikiruka au ikivuta tope na jiwe, rola hiyo hung'olewa pamoja na kipande cha fremu. Iondoe. Ile ya chini iache.

Jambo la tatu ni oili inayovuja chini ya silinda, kwenye gasketi ya msingi, hasa zile za miaka ya mwanzo zilizotoka na gasketi ya karatasi. Jasho la oili tu halina neno: osha, kaza nati za chini ya silinda, utazame wiki mbili. Ikianza kudondoka, silinda itanyanyuliwa na kuwekwa gasketi ya chuma. Mnunuzi anapaswa kuiingiza kwenye mapatano ya bei.

Oili na filta yake

Inachukua kama lita 2.4 ukibadilisha na filta. Chagua iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki. Klachi ya pikipiki hii inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na oili ya gari yenye vilainishi vingi huifanya iteleze. Unene wa 10W-40 unatosha. Kwenye joto la Dodoma au Garissa 20W-50 nayo haina ubaya, mradi ni ya pikipiki.

Kosa linalofanyika ni kwenye filta. Upande mmoja una tundu, mwingine umezibwa. Tundu lielekee ndani, kwenye injini. Ukigeuza, njia ya oili inazibika, na kemshafti iliyo juu, ile inayofungua vali, ndiyo ya kwanza kulia njaa. Hakikisha pia oringi (pete za mpira) hazikubaki zimeng'ang'ania filta ya zamani ukazitupa nayo. Hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Kupima: washa dakika tatu, zima, subiri dakika chache, isimamishe wima kabisa, ndipo utazame kioo. Ikiegemea stendi ya pembeni itakudanganya. Injini inayopozwa kwa hewa hula oili kidogo ikikimbizwa muda mrefu barabara kuu, kwa hiyo tazama kila kilomita 500 na ubadilishe kila 3,000 au 4,000. Kitabu cha kiwanda kinaruhusu zaidi ya hapo, lakini kitabu hakikuandikwa kwa vumbi la huku.

Tapeti: fundi wa bodaboda anaweza, ila mpe fila

Tapeti ni nafasi ndogo inayoachwa juu ya vali. Vali ziko nne, na zinarekebishwa kwa skrubu na nati ya kufungia, mtindo uleule wa Boxer. Kwa hiyo fundi wa kijiweni anaijua kazi. Tatizo ni kwamba wengi wao hupima kwa kutikisa kwa vidole na kusikiliza. Kwenye injini hii lete fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Nafasi ya vali za kuingiza: milimita 0.08 hadi 0.13. Za kutolea moshi: 0.17 hadi 0.22. Injini iwe baridi, yaani ililala usiku kucha. Haitoshi kuwa imepoa wakati mnakunywa chai.

Toa plagi zote mbili. Ndiyo, zipo mbili kwenye silinda moja, na ya pili imejificha kiasi kwamba unaweza kununua pikipiki yenye plagi moja mpya na nyingine ya miaka kumi. Ni NGK CR10E, pengo milimita 0.7 hadi 0.8. Kisha weka gia ya tano na uzungushe gurudumu la nyuma mbele taratibu, hadi alama ya T ionekane kwenye tundu la ukaguzi upande wa kushoto. Mikono yote minne ya vali iwe na uchezaji. Kama imebana, uko kwenye mzunguko usio wake. Zungusha tena hadi injini imalize mzunguko mmoja kamili na T irudi. Usirudishe nyuma hata ukipita alama kidogo, maana kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha kitaikanyaga vali moja ya moshi, nawe utaipima vibaya. Pita, zunguka upya.

Fila iingie kwa kukwaruza kidogo. Kaza nati, halafu pima tena, kwa sababu skrubu hupenda kujizungusha na nati. Kila kilomita 10,000 hivi panatosha.

Mtu asikudanganye kwamba injini isiyopiga tiki-tiki ndiyo nzima. Kadiri vali inavyojichimbia kwenye kiti chake ndivyo nafasi inavyopungua, na ya moshi ikikosa nafasi kabisa haifungi vizuri, haipati pa kupoza joto lake, inaungua. Dalili ya kwanza ni kugoma kuwaka ikiwa ya moto na kukubali ikipoa. Kelele ndogo ya tapeti inavumilika. Ukimya wa ghafla uchunguze.

Petroli na hewa

Kabureta ni Mikuni ya milimita 40 yenye kiwambo cha mpira. Ikisimama miezi, tundu la jeti ndogo, kile kipande kinachopimia petroli, ndilo linaloziba kwanza: itawaka kwa choki tu, ukiifunga inazima. Jeti isafishwe kwa dawa na upepo wa kompresa, isichokonolewe kwa waya, kwani tundu likipanuka haliponi. Skrubu za chini ya kabureta ni laini kama jibini. Tumia bisibisi inayokaa sawasawa, na ukishazitoa weka za alen. Petroli ikiwa na maji au imechakachuliwa, kuna skrubu ya kumwagia chini ya bakuli la kabureta. Fungua, kinga kwa chupa angavu, na maji utayaona yamekaa chini.

Koki ya tanki inafunguka kwa mvuto wa injini. Kiwambo chake kikitoboka, petroli hupita kwenye mpira wa mvuto, inaingia kwenye injini na kuichanganya oili. Vuta mpira huo: ukiwa na unyevu wa petroli, koki imekufa. Nusa na oili. Ukiweka koki ya kawaida ya mkono, usisahau kuziba kitundu cha mvuto kilichobaki wazi, la sivyo injini itavuta hewa na kuchemka.

Filta ya hewa ni sifongo, na hapa ndipo pikipiki nyingi za barabara za vumbi huisha kabla ya wakati. Ioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, ikauke kivulini. Petroli huyeyusha gundi ya mishono, iache. Ilowanishe kwa oili ya filta, ikamue bila kuinyonga, paka grisi ukingoni. Halafu pitisha kidole ndani ya mpira unaoelekea kabureta. Ukihisi mchanga laini, vumbi linapita, na pete za pistoni zinasagwa kila safari. Muuzaji asipotaka ufungue hapo, una jibu.

Vilivyobaki, kwa haraka

Haina kiki. Betri ni YTX9-BS. Ikipumzika isome volti 12.6 au zaidi, injini ikizunguka kwa kasi isome kati ya 13.5 na 15. Chini ya hapo tafuta kwenye plagi za nyaya kabla hujanunua betri nyingine. Ikigoma kuwaka kabisa ilhali betri ni nzima, safisha swichi ya stendi ya pembeni na ile ya mkono wa klachi. Tope tu linaweza kukuzimia. Kukata nyaya na kuziunga moja kwa moja kabla ya kupima ndiko kunakoleta matatizo yasiyotafutika.

Cheni ni namba 525, sproketi 15 mbele na 42 nyuma. Badilisha zote tatu pamoja. Usiikaze ikiwa pikipiki imenyanyuliwa ukaridhika. Mtu mzito akae, hadi ekseli ya nyuma, egemeo la swingiamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) na sproketi ya mbele viwe kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inabana kuliko popote, na bado iwe na mchezo wa sentimita moja au mbili. Cheni iliyokazwa mno inaua beringi ya shafti ya gia, na beringi hiyo iko ndani ya injini.

Beringi za viungo vya shokamzoba hukauka bila kelele. Zifunguliwe na kupakwa grisi mara moja unapoinunua. Tairi ni 90/90-21 mbele na 120/90-17 nyuma, zote za tyubu. Ya inchi 21 haipatikani kila duka, agiza kabla iliyopo haijaisha.

Begi la safari liwe na tyubu ya 21 (kwa dharura inaingia hata nyuma), plagi mbili, kiunganishi cha cheni namba 525, fyuzi, mkono wa klachi na skrubu chache za alen. Kebo ya klachi ya akiba usiiweke begini. Ipitishe sambamba na ile inayotumika, uifunge kwa vibanio pembeni mwa fremu, ncha zake uzizibe kwa mpira. Ya kwanza ikikatika unahamisha ncha mbili tu bila kushusha tanki.