Umevuka miaka thelathini na unataka urubani? Anza kwa daktari

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Ana miaka 37, anafanya kazi kwenye ofisi ya bima, na hamu ya kuwa rubani anayo tangu utotoni. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, nimechelewa?" Maswali ya namna hii hayaishi, nikaona nijibu hapa mara moja, maana najua mko wengi mnaosoma kimya kimya huku kila ndege ikipita juu ya ofisi mnasogea dirishani.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa hesabu hadi miaka 34. Leo nakaa kiti cha kulia kwenye ndege ya abiria, ATR 72, rubani msaidizi, na mambo yakienda sawa cha kushoto, yaani cha kapteni, hakiko mbali. Sisemi hivi kwa majigambo. Haya, majigambo kidogo yamo, lakini nimeyatolea jasho.

Tuanze na umri. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinamruhusu rubani wa safari za kibiashara za kimataifa kuruka hadi atimize miaka 65 kama ana rubani mwenzake, na 60 kama anaruka peke yake. Piga hesabu mwenyewe. Ukianza na 37, ukaipata leseni na saa za kutosha za kuruka ukiwa na 42, bado una miaka zaidi ya ishirini ya kazi. Kitakachokuuma ni foleni. Mashirika mengi huwapanga marubani kwa tarehe ya kuajiriwa, na nywele zako za mvi hazihesabiki. Ratiba, likizo, zamu ya kupanda ukapteni, vyote vinafuata foleni hiyo. Nimekaa nyuma ya vijana wa umri wa wadogo zangu wa mwisho. Sikukuu wao wako nyumbani, mimi niko angani.

Sasa, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, kabla hujauza kiwanja, kabla hata hujachagua chuo, nenda ukapimwe. Unahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza, na anayekupima ni daktari wa anga aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Atakupima macho, masikio, mkojo na shinikizo la damu, atakubandika waya kifuani kusoma umeme wa moyo, kisha atakufungulia kitabu chenye kurasa za nukta za rangi akuulize unaona namba gani. Miwani si tatizo, mradi ukiivaa unaona inavyotakiwa. Nukta ndizo zinazoliza watu. Nilisoma na jamaa aliyelipa ada, akanunua sare na hedifoni, ndipo akaenda kupima. Kurasa za mwanzo tu akaanza kumwambia daktari kwamba kitabu kimechapwa vibaya. Wapo wanaopewa vipimo vya ziada wakavuka, wapo wanaopewa leseni yenye masharti. Yeye hakuvuka, na ada haikurudi.

Cheti chenyewe hakidumu. Ni miezi 12, na ukishatimiza miaka 40 huku unabeba abiria bila rubani mwenzako, inakuwa sita. Presha na sukari yako sasa ni sehemu ya ajira.

Halafu chuo. Hapa mnivumilie, kidonda bado kibichi. Chuo changu cha kwanza, sitakitaja, kilitupa punguzo kwa sharti la kulipa ada yote mwanzoni. Kwenye vipeperushi ndege zilikuwa nyingi, zimepangwa mstari, zinang'aa. Uwanjani iliyokuwa inaruka ni moja. Nyingine ilisubiri vipuri, na ya tatu ilishanyofolewa propela kuihudumia hiyo moja. Tulishinda kwenye benchi tukitazama soksi ya upepo, tukigombea saa moja ya kuruka watu wote. Asubuhi moja tukakuta kufuli. Mkurugenzi nasikia yuko kwenye biashara nyingine na mambo yake yanakwenda. Pesa yangu sijaiona.

Kwa hiyo: lipa kidogo kidogo, kadiri unavyoruka. Punguzo waachie wenyewe. Na usiende chuoni siku waliyokualika. Nenda asubuhi yenye anga safi bila taarifa. Ukikuta ndege zimeegeshwa na wanafunzi wamejaa kwenye benchi, umeshapata jibu.

Chuo cha pili nilipewa mwalimu ambaye ningeweza kuwa baba yake mdogo. Tukiwa chini ananiamkia shikamoo. Tukishafunga mlango wa Cessna 172, heshima inabaki nje: "Miguu, mzee! Miguu inafanya nini?" Upepo wa ubavuni unanitoa kwenye mstari wa katikati, nami nang'ang'ana na usukani kana kwamba naendesha gari, pedali za usukani wa mkia nimezisahau kabisa. Mtu mzima anapata shida kwa sababu ameshazoea kuwa ndiye anayejua. Ofisini watu walikuwa wanasubiri saini yangu. Hapa kijana ananiambia rudia, narudia, ananiambia tena rudia. Siku aliposhuka na kuniambia zunguka peke yako, ndege ilinyanyuka mapema kuliko nilivyozoea kwa kuwa uzito wake haukuwemo. Nikatazama kiti kitupu pembeni. Kilinitisha kuliko urefu.

Masomo ya darasani yasomeni tu, hakuna njia ya mkato. Kwa mfumo wa Ulaya mitihani ya nadharia ya leseni ya juu, ile ya rubani wa mashirika ya ndege, ni 13 na kufaulu ni asilimia 75.

Leseni ya rubani wa biashara kwa viwango vya ICAO inataka saa 200 za kuruka, au 150 ukisoma kwa mfululizo kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa. Msidhani mkifika hapo simu itaita. Marekani, baada ya ajali ya ndege ya Colgan Air karibu na Buffalo mwaka 2009, sheria ilibadilishwa, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria kwa kawaida anatakiwa awe na saa 1,500. Kwingine milango hufunguka mapema zaidi, ila wanaobisha hodi ni wengi. Saa zangu nilizipata kwa kufundisha, kisha kwa kubeba mizigo na ndege ndogo, Cessna Caravan. Miaka hiyo naipita, haina utamu wa kusimulia.

Kwenye usaili mmoja, mjumbe aliisoma tarehe yangu ya kuzaliwa, akauliza kama nimekuja kumwombea mwanangu kazi. Wenzake wakacheka. Kazi ile sikuipata, na mpaka leo nakumbuka tai yake ilivyokuwa imekaa upande. Shemeji yangu naye alikuwa akinitambulisha kwa watu kama "yule anayecheza na ndege". Siku hizi ananipigia kuulizia tiketi za punguzo.

Ndugu zangu, mtu asiyelipa ada yako asikupangie ndoto yako. Tunaogopa kuchekwa kuliko tunavyoogopa kuzeeka na hamu kifuani! Wapo watakaokuita mwendawazimu, na wengine mnakula nao meza moja. Waacheni waseme, ninyi ondokeni. Ila mkiondoka, hatua ya kwanza iwe kwa daktari. Nimeshasema, nasema tena: daktari, kisha chuo, kisha barua ya kuacha kazi. Atakayeanza na barua asinitumie ujumbe wa kulia.

Na kuna jambo ambalo vyuo havitakwambia: taaluma yako ya zamani usiitupe. Mwaka 2020 korona ilipofunga anga, marubani wenye maelfu ya saa walirudishwa nyumbani bila mshahara. Mimi nilikuwa mwalimu wa urubani asiye na wanafunzi. Nikarudi kukagua vitabu vya watu, kodi ya nyumba ikalipika, na viwanja vilipofunguliwa nikarudi kuruka. Ada ya bodi ya wahasibu nailipa hadi leo. Ukiwa muuguzi, mwalimu au mtu wa bima, fanya hivyo hivyo na cheti chako, walau mpaka ukalie kiti cha kushoto.