Kompresa haizimi mvua

Wadogo zangu mnaoanza kukaa kwenye miksa, makanisani na kwenye studio za hapa Mbeya, nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza nilipelekwa Tukuyu kurekodi ibada, mwezi wa nne. Anayeijua Tukuyu ya mwezi wa nne hahitaji kusimuliwa mvua, na kanisa lenyewe lilikuwa bati tupu, halina dari. Mchungaji alikuwa wa kunong'ona kidogo halafu anapasua. Nikasema dawa yake kompresa, nikaikaza kwelikweli. Kuja kusikiliza, kila anaponyamaza kuvuta pumzi mvua inapanda, akifungua kinywa inashuka. Mama mmoja wa kwaya akaniuliza, "Mwanangu, hiyo mvua ilikuwa inasubiri zamu yake?"

Kompresa kazi yake ni kushusha sauti iliyovuka kizingiti ulichokiweka. Tuseme kizingiti kipo desibeli -20, na mchungaji amefika -8, yaani amezidi desibeli 12. Kwa uwiano wa 3 kwa 1, zile 12 zinabaki 4, sauti inatoka -16. Umemshusha desibeli 8. Sasa anasikika mdogo, kwa hiyo unaongeza geini ya kutokea, yaani unaikuza sauti inapotoka kwenye kompresa, kwa 8 hizohizo. Hapo ndipo tunapoumia, maana mvua iliyokuwa imelala -50 haikugusa kizingiti, lakini geini imeibeba nayo mpaka -42. Mimi nilikuwa nashusha kama 15. Piga hesabu mwenyewe.

Siku hizi kwa msemaji mmoja naanza na 3 kwa 1, na nikiona sindano inayoonyesha kompresa inavyokandamiza inashuka zaidi ya desibeli 6 hivi mara kwa mara, siongezi kompresa. Natoka kwenye kiti naenda kusogeza maiki. Umbali kutoka mdomoni ukiupunguza nusu, sauti ya msemaji inaongezeka karibu desibeli 6, na mvua inabaki pale pale. Hakuna kitufe kinachokupa hicho bure. Shida ni kumwambia mchungaji mzee asogee. Mwambie kabla ya ibada, kwa heshima, usimpungie mikono akiwa madhabahuni.

Na kwenye spika za ukumbini mjihadhari zaidi. Ile geini ya kutokea inafungua maiki zaidi msemaji anaponyamaza, ndiyo maana maiki inaanza kulia katikati ya sala ya kimya.

Geti, lile linaloifunga maiki sauti ikiwa chini ya kizingiti, nalo lina wagonjwa wake. Watu wanadhani linasafisha kelele. Linafunga tu wakati hakuna anayesema. Akisema, anaingia yeye na mvua yake pamoja. Ukiweka kizingiti juu mno, "nyumbani" inatoka "nyumba", kwa sababu Kiswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ile ya mwisho inafifia. Likichelewa kufunguka, "Bwana asifiwe" inakuwa "wana asifiwe", na waumini wanaitika hivyohivyo, Wanyakyusa hatuna noma. Kwa hiyo lisifunge kabisa: lishushe sauti desibeli 10 hivi, lifunguke haraka, na lingoje sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kufunga taratibu. Kelele ikishuka kidogo bila kukatika, sikio halishtuki. Liweke kabla ya kompresa. Ukiliweka baada yake, tofauti kati ya sauti na kelele imeshapungua, na geti litababaika.

Ukienda Makambako, kule kwenye upepo, kata besi chini ya hezi 80 au 100 kabla ya vyote. La sivyo upepo ukipiga maiki, kompresa inadhani ni mtu anapiga kelele na inamshusha msemaji.

Limita, ile isiyoruhusu sauti ivuke kiwango ulichoweka, iwe ya mwisho kabisa kwenye mnyororo. Kwenye rekodi naiweka -1, ili mtu akipiga "Haleluya!" ghafla sauti isigonge sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha rekodi, ikapasuka. Ikiwaka mara moja moja, sawa. Ikiwaka ibada nzima, rudi kwenye geini ya kwanza ya maiki, umeifungua mno.