Wadogo zangu wa ghala la makumbusho, someni kadi kwanza

Juzi nimemkuta kijana wetu mpya kashika chupa ya Nasca, ufinyanzi wa watu wa kale wa Peru, kwa kile kidaraja cha udongo kilicho juu yake, anaipeleka mezani kupigwa picha. Nilipiga kelele ghala zima likasikia. Nawapenda, lakini haya tumeyasema mara ngapi?

1. Kidaraja kinachounganisha midomo miwili ya chupa si mpini. Mkono mmoja kitakoni, mwingine ubavuni.

2. Soma kadi ya chombo, inayosema ni cha watu gani, kabla ya kukigusa. Hapa nitakaa, maana ndipo nilipoharibu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa trei ya mabakuli ya bonde la Ica, kusini mwa Peru. Mwezi mzima nilikuwa nasafisha Nasca tu. Rangi ya Nasca ni udongo laini uliopakwa kabla ya kuchoma, kisha ukasuguliwa. Moto umeishika, pamba yenye unyevu kidogo inatoa vumbi na rangi inabaki. Mkono ukazoea. Bakuli la nne lilikuwa na uso wa paka mwitu uliochanjwa kwenye udongo, na kati ya chanjo rangi nyekundu, manjano na kijani, nzito kama nta. Nikapitisha pamba. Ikarudi nyekundu. Nikadhani ni uchafu, nikapitisha tena, na shavu la yule mnyama likabaki udongo mtupu.

Lilikuwa la Paracas, watu wa kale waliotangulia Nasca. Wale walichoma kwanza, ndipo wakapaka rangi iliyochanganywa na utomvu wa mimea. Imekaa jangwani zaidi ya miaka 2,000, mimi nikaing'oa kwa dakika mbili. Kadi ilikuwa chini ya trei na neno Paracas limeandikwa wazi.

Nilinyamaza mchana kutwa, chakula hakikupita. Jioni nikamweleza mkuu wangu. Hakunigombeza. Aliniandikisha tarehe, nilichotumia na sehemu iliyopotea, halafu akaifunga ile pamba mfukoni, akaipa namba ya bakuli. Akasema rangi iliyomo bado ni ya bakuli.

3. Unga mweupe juu ya rangi ni chumvi ya jangwani. Unyevu wa ghala ukipanda na kushuka, inaota na kubandua rangi. Usipanguse, mwite mhifadhi.

4. Ndani ya mtungi hapaoshwi. Ule utando wa chini huenda ni mabaki ya chicha, pombe yao ya mahindi, na maabara wanautaka.

Na wewe kijana wa juzi, chupa ni nzima. Kesho saa mbili njoo droo ya Ica, nikuonyeshe ile pamba.