Chokoleti inaganda mabonge

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nataka kuwatengenezea wanangu pipi za chokoleti za Krismasi. Nimeyeyusha chokoleti ya dukani juu ya sufuria ya maji, ikawa mabonge makavu. Au nitumie kakao ya Kyela? – Mama wa watatu, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Mchawi wako ni maji. Mvuke ukiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, hata matone machache tu, sukari na unga wa kakao hushikana. Kausha bakuli na mwiko, maji yasitokote, wala yasiguse bakuli. Hayo mabonge usiyatupe: ongeza maziwa ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, upate sosi ya keki.

Kakao ya Kyela naipenda, ila kutoka punje hadi pipi ni safari: kuchachusha siku kadhaa, kuanika, kukaanga, kumenya, kusaga mno. Kwa kinu cha nyumbani itabaki na chengachenga. Iache ya kunywa.

Safari hii yeyusha theluthi mbili ya chokoleti nyeusi, epua, tia theluthi iliyobaki ikiwa imekatwakatwa, koroga hadi ipoe kufikia nyuzi 31 au 32. Huna kipimajoto? Paka kidogo chini ya mdomo. Ukihisi ubaridi kidogo, tayari. Changanya na karanga za kukaanga, dondosha kwa kijiko kwenye karatasi ya kuokea. Friji ya nini, na wewe uko Uyole kwenye baridi? Unyevu wake huacha madoa meupe.

Zifiche juu ya kabati. Zikiisha kabla ya mkesha, usiniandikie.