Muulize Shangazi: "Ni pombe ile, siyo mimi"

Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Tabata, mume wangu siku za kawaida ni mpole sana ila mwisho wa mwezi akipita baa na wenzake anarudi chakari, matusi yanaanza mpaka watoto wanajifungia chumbani. Asubuhi anasema hakumbuki kitu, eti ni pombe ile siyo mimi. Mama mkwe nikimweleza ananiambia vumilia mwanangu, pombe siyo chai. Kinachonichanganya, akikutana na mwenye nyumba koridoni anamwamkia vizuri tu "shikamoo mzee", akishavuka mlango wetu ndo anabadilika. Halafu mi nimekulia Marangu, bibi yangu anapika mbege, wazee wanashinda pale na kata zao, wakilewa wanaimba wanasinzia basi. Hii pombe ya mjini ina nini?
— Mama J

Marahaba mwanangu. Jibu umeshaliandika mwenyewe, pale koridoni. Mtu anayejua huyu wa kumwamkia na huyu wa kumtukana, akili zake anazo, labda siyo zote lakini zinatosha.

Nisikudanganye, pombe ina kazi yake mwilini, ulimi unakuwa mzito, miguu inapepesuka, breki za kichwani zinalegea, na hata hiyo ya kutokumbuka inaweza kuwa kweli maana ukinywa nyingi kwa haraka ubongo unashindwa kutunza kumbukumbu. Ila kusahau asubuhi siyo kwamba usiku ule hakujua anachofanya.

Kama mtu akilewa atatukana au ataimba, hapo jamii yake ina mkono mkubwa. Kuna Wacamba wa mashariki mwa Bolivia, mtafiti Dwight Heath alikaa nao miaka ya 1950 akakuta wanakunywa pombe ya miwa yenye asilimia 89 ya alkoholi, yaani konyagi yetu ikasome, wanakaa duara wanapokezana glasi moja mpaka watu wanalala hapohapo, na hakukuta ugomvi. Na Marekani mwaka 1975 watafiti waliwapa wanaume vinywaji, wengine vodka na soda ya tonic, wengine tonic tupu, na baadhi wakadanganywa kuhusu walichopewa, kisha wakapewa nafasi ya kumpiga mtu shoti ya umeme. Walioamini wamekunywa vodka ndo waliokuwa wakali zaidi, hata wale waliokunywa tonic tupu! Tafiti za baadaye zimeonyesha pombe yenyewe nayo inaongeza ukali, sikatai, lakini ona mtu akiamini tu amekunywa anavyojipa ruhusa.

Na ruhusa kwenu anaitoa mama mkwe. Hebu fikiria wewe ndo ungerudi saa saba usiku umelewa tilalila unamtukana mwanae, angesema pombe siyo chai? Kikao cha ukoo kingeitishwa kabla hujaamka. Sheria yenyewe haina huruma hiyo, Kanuni ya Adhabu yetu kifungu cha 14 inasema ulevi siyo utetezi, isipokuwa mambo machache kama kuleweshwa bila kujua.

Kwa bibi nako nakupinga kidogo, vilabu vya mbege navyo vina ngumi zake, tusijifanye hatuzijui. Ila pale kwa bibi yako kuna mwenye pombe anayewajua wote kwa majina, akiona mzee amezidi anamnyima kata, na aliyemkosea mtu anajua atarudi na jani la isale kuomba msamaha mbele za watu. Baa ya mjini nani atamuuliza?

Kwa hiyo usibishane naye akiwa amelewa. Subiri mchana, mwambie hivi hivi, mbona mwenye nyumba humtukani? Muite na mshenga awepo. Akiinua mkono siku yoyote hilo siyo la kuvumilia, nenda dawati la jinsia polisi. Na kama siku hizi anakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, usimlazimishe aache ghafla, inaweza kuwa hatari, mpeleke hospitali kwanza.

Shangazi, ni kweli kahawa chungu au maziwa yanakata pombe? Kesho yake nina kazi bana.
— Mdau, Arusha

Hapana bana. Kahawa inakutoa usingizi tu, unakuwa mlevi aliye macho, na hao ndo wanaoshika usukani. Ini linafanya kazi kwa spidi yake, bia moja ya mililita 500 yenye asilimia 5 inachukua kama saa mbili hadi tatu, piga hesabu ya zako mwenyewe. Maziwa na chakula vinasaidia ukila kabla, pombe inaingia taratibu. Na mwenzako akizima baa msimwagie maji, mlazeni ubavu asije akapaliwa na matapishi, msimwache peke yake, na asipoamka au akipumua kwa shida muwahisheni hospitali.