Maswali yenu: walowezi, karatasi na kipande

Koloni la walowezi linatofautianaje na koloni jingine? (Msomaji, Morogoro)

Kulowea ni kuhamia mahali ukakaa moja kwa moja. Uganda, Waingereza walitawala wakanunua pamba ya wakulima wenyeji. Kenya walileta watu wao walime na kurithisha watoto, kama ilivyotokea Algeria baada ya 1830.

Ardhi yenye watu ilichukuliwaje? (Msomaji, Nakuru)

Kwa karatasi, bunduki ikiwa nyuma yake. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu 1901, na bila mizigo gharama zake zisingerudi. Kamishna Charles Eliot, mkuu wa utawala wa Waingereza huko Kenya, akaita walowezi. Sheria ya Ardhi ya Ufalme ya 1902 ikampa nguvu ya kugawa ardhi iliyohesabiwa haina mtu. Ya 1915 ikaruhusu kuikodisha kwa miaka 999.

Wamaasai ndio wanaoniuma zaidi. Mkataba wa 1904 uliwaondoa kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa, wengi wakapelekwa Laikipia, kwa ahadi kwamba utadumu maadamu Wamaasai wapo. Mwaka 1911 wakaletewa mwingine wa kuwatoa Laikipia nako. Walishtaki. Mwaka 1913 mahakama ikakataa kuisikiliza kesi: mkataba ule, ilisema, ni wa dola na dola, na Wamaasai si raia wa Mwingereza. Watu waliohamishwa na serikali hiyohiyo!

Uhuru ulipokuja, ardhi ilirudishwa? (Msomaji, Eldoret)

Sehemu tu, na kwa kununuliwa. Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, ulilipa walowezi kwa fedha za mikopo, na waliogawiwa viwanja wakadaiwa.

Babu alivaa kipande shingoni. Kilikuwa nini? (Msomaji, Murang'a)

Ni cheti cha kazi kilichotiwa ndani ya kibati chenye kamba: alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza na ya kuacha. Sheria yake ni ya 1915, ikatekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa wanaume wa miaka 16 na kuendelea. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa kwenye mashamba ya wazungu. Ukishaandikwa, bila sahihi ya bwana shamba huondoki. Ukitoroka, kipande kinakusaka.

Kama kibati hicho bado kipo nyumbani, tafadhali kitunze. Waulize wazee alifanya kazi shamba gani, uandike leo.