Fundi Anajibu: Mikwaruzo kwenye plastiki nyeusi ya ndani ya gari

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Mazda CX-5 ya mwaka 2015, ina miezi minane tangu ifike kutoka Japani. Plastiki nyeusi inayong'aa kuzunguka gia imejaa mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui, na jua la saa nne likipiga naona vibaya hata kumpakia mgeni. Chini ya gia kuna mmoja mrefu wa funguo. Kijana anayenioshea gari kila Jumamosi anasema nitumie dawa ya meno, jirani anasema mafuta ya dashibodi. Nishike lipi? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Yote mawili yaache. Dawa ya meno ina chengachenga za kusugulia, nayo itakuongezea mikwaruzo mipya juu ya ile ya zamani. Mafuta yataificha siku mbili, halafu vumbi lote la barabarani litanata hapo, na wewe utalifuta. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Vumbi letu lina mchanga ndani yake. Chembe ya mchanga inachora hata kioo, sembuse plastiki. Mtu akipitisha kitambaa kikavu anadhani anasafisha, kumbe anapiga msasa. Plastiki ya kijivu yenye vinundu inaficha. Hii nyeusi imelala kama maji ya mtungini, kila mstari unaonekana.

Kwanza pitisha ukucha kwa kukata mkwaruzo. Ukucha usipokwama, mkwaruzo uko juujuu na polishi itautoa. Ukikwama, umezama.

Weka gari kivulini mpaka plastiki ipoe. Tafuta brashi mpya ya rangi yenye nywele laini, na kile chuma chake kizungushie utepe, maana chuma hicho nacho kinakwaruza. Fagia vumbi taratibu, hasa kwenye kona za gia. Kisha chukua kitambaa cha maikrofaiba, kiloweshe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ukikamue sana. Kikunje mara mbili upate pande nyingi safi, na kila ukifuta mara moja geuza upande. Futa kwa mstari ulionyooka, usizungushe mkono. Usinyunyizie maji moja kwa moja, kuna swichi hapo chini.

Ikikauka, ndipo uje kwenye polishi. Omba polishi laini ya kumalizia, si kompaundi, ile polishi kali ya kukwangua. Kiasi cha punje ya choroko kinatosha, kwenye sponji laini, na ujaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Pitisha kwa mkono mwepesi mara kumi hivi, futa, mulika kwa tochi ya simu, angalia. Rudia kama bado. Mikwaruzo ikififia kiasi kwamba umekaa kwenye kiti huioni, simama hapo hapo. Kila ukisugua unakula plastiki, na ikishaliwa hairudi.

Nakusisitiza hili kwa sababu lilinipata. Miaka ya nyuma mama mmoja mwalimu aliniletea gari lake, kipande cha kuzunguka redio kikiwa na mikwaruzo kama yako. Nilikuwa na haraka. Nikachukua kompaundi ya rangi ya nje, nikafunga sponji kwenye drili. Sekunde chache tu nikasikia harufu ya plastiki kuungua. Nilipofuta, palikuwa na wingu jeupe katikati, kama kioo ulichokipulizia pumzi, na halikutoka tena. Nilienda Ilala nikanunua kipande kilichotumika kwa fedha yangu. Tangu siku ile, drili siisogezi ndani ya gari.

Spiriti, tina ya kuchanganyia rangi na dawa ya kusafishia vioo usiviguse kabisa. Baadhi ya vipande hivi ni akriliki, aina ya plastiki ngumu, na akriliki ikipata spiriti inaweza kufanya nyufa ndogondogo ambazo hakuna polishi itakayozitoa.

Ule wa funguo, kama ukucha unakwama, usihangaike nao kwa mkono. Kuna mafundi wanaoupiga msasa wa maji namba 3000 kisha polishi, lakini mimi kwa kipande kidogo kama hicho ningekibandika stika nyeusi isiyong'aa, au ningetafuta kingine. Ukishamaliza polishi kwenye sehemu nyingine, bandika filamu ya kinga inayopitisha mwanga. Ikichubuka unabandua filamu, plastiki imebaki salama.

Na yule kijana usimgombeze. Anafuta kwa kitambaa kilekile kilichotoka kwenye rimu, kwa sababu hakuna aliyempa kingine. Mnunulie chake cha rangi tofauti, kikae kwenye droo ya dashibodi, na mwonyeshe mwenyewe Jumamosi hii: brashi kwanza, kitambaa chenye unyevu baadaye.